Mwalimu Apua na Nyimbo za Mapengo

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na nisifiche kitu: saa ya muziki ilikuwa yangu. Kwenye ratiba iliandikwa Sanaa, Alhamisi baada ya chai, Gredi ya Tano, lakini kwa miaka hakuna mwalimu aliyeitaka, na kitu kisicho na mwenyewe huokotwa. Mimi nikakiokota. Watoto wa Kulamawe walipata saa moja zaidi ya desimali kila wiki, na sikumsikia mzazi yeyote akilalamika kwamba mwanawe anajua hesabu kupita kiasi.

Kisha tukaletewa Jane Apua.

Alifika siku ya upepo, juu ya pikipiki, godoro limefungwa nyuma yake na kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi. Alisalimia kila mtu aliyekuwa langoni kwa mkono, mpaka wauza miraa waliokuwa wakipita njia. Mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti nene ambayo hungetarajia itoke kwenye shingo ile. Kwao ni Ngaremara, kando ya barabara kuu, ambako mama yake anauzia madereva wa malori makaa na mifagio. Alijua kuimba kabla ya kujua kusoma. Kanisani kwao aliongoza kwaya akiwa bado msichana mdogo, na watu wazima walimfuata bila kunung'unika, jambo ambalo makanisani si la kawaida.

Kutoka Ngaremara hadi kwetu si mwisho wa dunia, lakini mama yake alilia kana kwamba bintiye amepelekwa ng'ambo. "Jane, huko kwa Waborana utalala aje?" alimuuliza kwenye simu jioni ya kwanza, na jioni ya pili, na zilizofuata. Huku kwetu nako kuna waliouliza kwa sauti ya chini kama kweli Mturkana ndiye afundishe watoto wao. Watu hawa na watu wale wamechukuliana mifugo tangu zamani, na kila upande unawakumbuka zaidi ng'ombe ulioibiwa kuliko wale uliowachukua. Mimi ni Mmeru, nasikiliza pande zote mbili na kunywa chai ya pande zote mbili.

Wiki yake ya kwanza nilimfuata chumba cha walimu, nikiwa na roho ya ukarimu.

"Mwalimu, Alhamisi nitakusaidia na ile saa ya muziki."

"Kunisaidia vipi?"

"Mimi huwa naichukua kwa hesabu. Wewe utapumzika."

"Asante, Mwalimu Mbaabu," alisema, akitabasamu vizuri sana. "Sijachoka."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu alikuja na kamba yake ameshaikata.

Nilidhani atawafundisha watoto kuimba nyimbo za kukaribisha wageni, zile ambazo kila shule inazo. La. Alitaka watunge zao. Aliniambia kwamba mtoto anayeimba wimbo wa mtu mwingine ni kama mtoto anayenakili hesabu ya jirani, na hapo alinishika pabaya, maana hakuna kitu ninachokichukia kama kunakili. Kwao, alisema, mwanamume hutunga wimbo wa fahali wake mwenyewe, akauimba ameinua mikono juu kama pembe. Wimbo ni wake, na fahali ni wake. Basi alitaka kila mtoto awe na wake vilevile.

Akawapeleka uwanjani, akampa kila mmoja kichaka chake cha kutungia wimbo. Mtu asiongee na mwenzake, mtu asisaidiwe. Waliporudi darasani aliweka sheria: anayeimba ni mmoja, wengine kidole mdomoni.

Darasa langu lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati, kwa hiyo nilisikia yote, nitake nisitake. Mtoto wa kwanza aliimba maneno mawili, kimya. Maneno mawili tena, kimya. Wa pili aliimba juu ya uji wa shule: maneno, kimya, maneno, kimya. Mvulana mmoja aliimba juu ya viatu vyangu, na sitasema alivyosema, lakini hata wimbo wa viatu vyangu ulikuwa na mapengo ndani yake. Mara moja mtoto wa nyuma alisahau sheria akapaza sauti kwenye kimya cha mwenzake, na nikamsikia Apua: "Wewe, nyamaza! Si wimbo wako."

Aliyekuwa na sauti kuliko wote ni Tuye, binti wa Dadacha. Mtoto mkimya, mwenye nguo ya shule iliyomzidi kipimo, lakini akifungua mdomo hata mimi niliweka chaki chini. Wimbo wake uliita wanyama kwa majina, mmoja mmoja, kwa Kiborana. Jina, halafu kimya. Jina, halafu kimya.

"Ni mzuri sana, Tuye," nilimsikia Apua. "Lakini hujaumaliza. Hapa katikati umeacha tupu. Jaza. Weka hata la-la-la."

Tuye akaweka la-la-la. Ilikuwa vibaya mno, kama mtu aliyetia sukari kwenye mchuzi. Apua akamrudisha tena, na tena, kwa upole wake wote, na upole wake haukusaidia kitu. Alhamisi iliyofuata Tuye aliumwa tumbo. Alhamisi nyingine pia. Siku nyingine zote tumbo lilikuwa zima.

Mwalimu mkuu wetu, Bi Isnino, ni mama wa Isiolo mjini, mkali lakini hana uonevu. Siku moja alikuja kusikiliza, akasimama mlangoni na mtandio wake, akasikiliza watoto watatu wakiimba nusu nusu, akamwita Apua nje. Ukuta wa mabati ni rafiki mwema, nikasikia.

"Mwalimu, hawa hawaimbi. Hawa wanakohoa maneno."

"Wako na kitu ndani, Madam. Bado hakijatoka."

"Mtihani inakuja. Wazazi wataniuliza mimi. Sikiza: siku ya mkutano wa kufunga muhula, watoto waimbe wimbo wao, wa kwao, mbele ya wazazi. Wakishindwa, hiyo saa inaenda kwa Mwalimu Mbaabu na tusiongee tena."

Ningekuwa mtu wa busara, ningenyamaza tu hapo nikingoja saa yangu irudi nyumbani. Lakini jioni hiyo nilimkuta Apua amekaa peke yake kwenye ngazi za darasa, na uso wake haukuwa ule wa langoni. Alisema labda mama yake alikuwa sahihi. Labda watoto hawa hawamtaki. Alisema kama saa ile itaondoka, hajui yeye amekuja huku kufanya nini, maana Kiingereza na sayansi mtu yeyote anaweza kufundisha. Nikamwonea huruma, na mimi nikiona huruma huwa nakasirika.

"Wewe umesoma muziki wapi?" nilimuuliza. "Mtoto akisahau, husahau ovyo. Mmoja husahau mwanzo, mwingine mwisho. Hawa wote wanasahau mahali pamoja na kwa urefu mmoja. Mimi nimewahesabia mapigo kwa dole la mguu huko upande wangu. Hiyo si kusahau, Mwalimu. Hiyo ni hesabu."

Aliinuka, akajipangusa vumbi. Kisha akasema, "Jumamosi una mafuta kwa pikipiki?"

Jumamosi nikampeleka kwa kina Tuye. Mama yake, Hawo, alitoka akikausha mikono.

"Salaam aleikum," Apua alisema, kwa tahadhari, kama mtu anayevaa kiatu cha mwingine.

"Aleikum salaam. Karibu, Ticha, karibu chai. Tuye haiko. Iko lagani na baba yake. Injini ya maji imekufa, watu yote wamerudi kwa visima."

Tulikunywa chai, maana kwa Waborana hakuna kuondoka bila chai, kisha tukashuka lagani, kwenye mto mkavu. Kisima kilikuwa shimo refu lililochimbwa mchangani, na ndani yake watu wamesimama kwenye vidato, mmoja juu ya mwingine, kuanzia chini penye maji mpaka juu penye hori la udongo. Ng'ombe wachache na mbuzi wengi walikuwa wakingoja kando, wakisukumana. Dadacha alikuwa chini kabisa, maji magotini, akichota na kuita. Tuye alikuwa juu, akimimina kwenye hori.

Mama mmoja katikati ya mstari alikuwa na mtoto aliyelia mgongoni, akatoka. Nafasi ikabaki wazi. Kabla sijasema neno, Apua alikuwa ameshavua viatu na kuingia. Niliona wanaume wawili wakitazamana: Mturkana ndani ya kisima chao. Lakini ndoo ilikuwa ikija.

Dadacha akaita jina la ng'ombe. Apua, mgeni mwenye adabu, akanyamaza ili asikilize wimbo kwanza. Ndoo ikamgonga kifuani na maji yote yakamwagikia shingoni mpaka kwenye sketi yake ya Jumapili. Shimo zima likacheka.

"Wee mama, jibu!" mzee wa juu yake alimfokea. "Ukinyamaza, maji inamwagika!"

Wakamfundisha jibu, neno moja tu: dhugi. Kunywa. Dadacha akaita tena, na mstari wote ukaitikia dhugi, na kwenye neno lile mikono yote ikafanya kazi moja: huyu akatoa, yule akapokea. Ndoo ikapanda. Jina, dhugi, ndoo ikapanda. Apua aliitikia mara kadhaa, halafu nikamwona uso unabadilika. Aliinua kichwa akanitafuta kule juu nilikokuwa nimejibanza kivulini.

"Mwalimu Mbaabu!" alipiga kelele. "Ni hapa ndoo inapita! Kwa pengo! Ndoo inapita kwa pengo!"

Nilifurahi kana kwamba mimi ndiye niliyechimba kisima. Furaha yangu haikudumu, maana mzee yule alisema mtu mnene aliyekaa kivulini pia ana mikono, na hata Jumatatu sikuweza kushika chaki.

Apua alitoka kisimani amelowa, akaenda moja kwa moja kwa Tuye. Akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Wimbo wako ulikuwa mzima," alimwambia. "Mimi ndiye niliwanyamazisha watu wako. Pole, mama."

 Tuye alimpa kitenge chake ajipanguse.

Tangu hapo Alhamisi ilikuwa kelele tupu. Apua aliwatoa watoto nje, akawapanga mstari kutoka kwenye tangi mpaka kwenye miche ya mwarobaini, wakawa wanamwagilia miti kwa kuimba. Mmoja anatunga mwito, wengine wanatunga jibu, wanabishana, wanabadilisha, wanaanza upya. Sheria ya kidole mdomoni ilikufa. Kutunga, aliwaambia sasa, si kumaliza wimbo. Ni kujua mahali pa kumwachia mwenzako. Walichagua wimbo wa Tuye kwa ajili ya wazazi. Uliita kila kitu chenye kiu pale shuleni: punda wa maji, miche, kuku wa mpishi, mpaka Mwalimu Mbaabu. Wakifika kwangu waliitikia dhugi kwa nguvu kuliko kwa punda, na walikuwa wakichungulia darasani mwangu ili kuhakikisha nimesikia.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Akina baba walikaa upande mmoja, akina mama upande wa pili, na wachungaji waliochelewa walisimama nyuma na fimbo zao mabegani, Dadacha akiwa miongoni mwao. Bi Isnino alikataa maji yamwagwe kwa maonyesho, kwa hiyo watoto walisimama mstari na ndoo tupu. Alikuwa amewaeleza wazazi jambo lenyewe bila kuzunguka: mkisikia wimbo, saa inabaki, msiposikia, ni hesabu. Wazee walitikisa kichwa. Mmoja aliuliza kama wimbo unaleta maziwa nyumbani, na watu wakacheka. Apua alisimama pembeni, mikono nyuma. Niliona vidole vyake vikisokotana.

Tuye akaita punda. Mstari ukaitikia, ndoo zikapita. Akaita miche, akaita kuku. Wazazi walianza kutabasamu, kisha akaniita mimi na uwanja ukaangua kicheko, nami nikainuka nikapunga mkono kama mbunge. Tulikuwa tumefaulu. Hata Bi Isnino alikuwa akipiga kidole gotini.

Hapo Tuye akamwona baba yake nyuma ya watu. Sijui ni nini kilimpitia. Alishusha ndoo, akaita jina ambalo halikuwa kwenye mazoezi.

"Diimtu."

Hakuna aliyeitikia. Watoto walitazamana, kwa sababu wote walimjua Diimtu. Alikuwa ng'ombe mwekundu wa kina Tuye, kiongozi wa kundi, na alikufa kwenye ule ukame mkubwa uliomaliza karibu kundi lote, akalala karibu na njia ya shule hadi akabaki mifupa. Nani atamwambia mfu anywe?

"Diimtu," Tuye akaita tena.

Kimya. Bi Isnino alitazama saa yake. Apua alipiga hatua moja mbele, akasimama. Yeye hakumjua Diimtu. Aliona tu wimbo wa mtoto umesimama mbele ya watu kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyeamriwa kunyamaza. Kama ningekuwa na sauti ya kuimba ningeitikia mimi, naapa.

"Dhugi," akasema Dadacha.

Alisema polepole, bila kuimba, kama mtu anayezungumza na mnyama aliyesimama mbele yake.

Tuye akapangusa macho kwa mkono wa nguo. "Buree," akaita, na huyo naye alikuwa amekufa. Baba yake akaitikia, na Hawo akaitikia kutoka upande wa akina mama. Jina la tatu likaitikiwa na mstari wote, na ndoo tupu zikapita mkono kwa mkono. Kisha bibi mmoja kizee, bila kuombwa, akainuka akaita ng'ombe wake, na watu wakamwambia ng'ombe wake anywe. Mzee aliyeuliza habari ya maziwa akaita wawili, mmoja baada ya mwingine, akaketi na kujifunika uso kwa kilemba. Wakaita kutoka kila upande. Wanyama ambao miaka hii yote hakuna aliyethubutu kuwataja walitajwa mmoja mmoja pale uwanjani, na kila mmoja akanyweshwa. Nililia, na sioni haya kusema. Mimi sijawahi kupoteza hata mbuzi.

Walipotulia, Bi Isnino alisimama, akajipangusa kwa ncha ya mtandio, akajaribu kuwa mwalimu mkuu.

"Hiyo saa inabaki ya muziki," alisema. "Mwalimu Mbaabu, utavumilia."

"Nitavumilia, Madam," nikasema, na nilimaanisha.

Watu walianza kuinuka. Lakini Dadacha alikuwa amepita katikati yao, akaja mbele mpaka pale Apua aliposimama. Akaegemea fimbo yake.

"Mwalimu. Huko kwenu, ng'ombe ilibaki?"

"Haikubaki," alisema Apua. "Mama yangu alikuwa na mmoja tu."

"Ilikuwa inaitwa nani?"

 Apua aliwatazama watu wale, na nilielewa kwa nini. Kulikuwa na wazee pale walioamini mpaka leo kwamba ng'ombe wao hawakumalizwa na jua peke yake, na kabila walilolilaumu lilikuwa lake. Waliokuwa wameinuka hawakuketi, wala hawakuondoka.

"Ita," Dadacha akamwambia.

Ile sauti nene ilitoka ndogo, karibu ya mtoto.

"Nakwang'."

Tuye ndiye aliyetangulia kuitikia, lakini kwa kitambo kidogo tu. Nyuma yake waliitikia wazee, akina mama, wachungaji na Gredi ya Tano nzima, na uwanja wote wa Kulamawe ukamwambia ng'ombe wa Mturkana anywe.